Isimbe tovuti yako: sababu na hatua zake

Kama anwani ya tovuti yako bado inaanza na http:// bila ile s, fanya jambo moja kabla hujaendelea kusoma. Ingia kwenye seva yako, andika amri hii na uiache ikiendelea:

sudo tcpdump -A -i any port 80

Kisha chukua simu, fungua tovuti yako, nenda kwenye ukurasa wa kuingia na ujaze jina na nenosiri la majaribio. Rudi utazame skrini ya seva. Katikati ya mistari mingi utakuta kitu cha namna hii:

POST /ingia HTTP/1.1
Host: example.com
Cookie: kikao=9f3ac17be2
jina=majaribio&nenosiri=embebichi77

Nenosiri limelala hapo, herufi kwa herufi. Hakuna aliyevunja chochote. Tcpdump imesoma tu kilichokuwa kinapita. Na kila mtambo uliokaa kati ya simu yako na seva umeweza kukisoma vilevile: ruta ya Wi-Fi, mitambo ya mtoa huduma wa intaneti, mitandao inayobeba data kutoka nchi moja hadi nyingine, mpaka kituo cha data cha kampuni inayokuhifadhia tovuti. Jaribio hili lifanye kwenye seva yako tu. Kunasa mawasiliano ya watu wengine bila ridhaa yao ni jambo jingine kabisa, na usilifanye.

Kazi yangu ni kutunza seva za watu, na kila mwenye tovuti anayeniita naanza naye hapa, kwa sababu maelezo matupu huwa hayamgusi. Kuliona nenosiri lake mwenyewe kunamgusa. Kuna jambo moja ninalotaka alishike kabla hatujagusa faili lolote: tovuti inasimbwa, yaani data yake inageuzwa isisomeke njiani, kwa ajili ya anayeitembelea. Mwenye nayo anafaidika pia, lakini wa kwanza ni yule msomaji ambaye hana namna ya kujikinga mwenyewe. Yeye hawezi kuiwasha HTTPS, yaani ile http iliyosimbwa, kwenye seva yako. Ni wewe tu unayeweza.

Anayesikiliza njiani anapata nini

Rudi kwenye ule mstari wa Cookie. Watu hukimbilia kuhofia nenosiri, lakini kidakuzi cha kikao, ile alama fupi ambayo seva inakipa kivinjari chako ili ikutambue baada ya kuingia, kina thamani ileile na kinatumwa mara nyingi zaidi, kwani kila ukurasa unaofunguliwa unakwenda nacho. Mwenye kukinasa hahitaji nenosiri lako. Anakibandika kwenye kivinjari chake na seva inamwona yeye ni wewe.

Mwezi Oktoba 2010 mtaalamu wa programu aitwaye Eric Butler alilionyesha hili hadharani. Alitoa kiongezo cha Firefox kilichoitwa Firesheep. Ukiwa kwenye Wi-Fi isiyo na nenosiri, kilikuorodheshea watu waliokuwa kwenye mtandao huo na tovuti walizokuwa wameingia, Facebook ikiwemo. Ulibofya mara mbili juu ya jina la mtu, na akaunti yake ikafunguka mbele yako. Tovuti nyingi wakati ule zilikuwa zinasimba ukurasa wa kuingia peke yake, kisha zinamrudisha mtu kwenye http, na hapo kidakuzi chake kinasafiri wazi siku nzima. Facebook walianza kuwapa watumiaji wao hiari ya kutumia HTTPS muda wote mnamo Januari 2011. Ninasimulia habari ya zamani kwa sababu kosa lenyewe halijazeeka: bado nakutana na watu wanaouliza kama wanaweza kusimba ukurasa wa malipo tu na kuacha mingine. Usifanye hivyo. Simba kurasa zote, hata ule wa "Kuhusu sisi".

Na kama tovuti yako haina hata fomu moja, bado kuna kitu msomaji anakiacha njiani: ni kipi anachokisoma. Mtu anayefungua ukurasa kuhusu ugonjwa fulani, kuhusu talaka, kuhusu kuacha ulevi au kuhusu haki zake kazini, hajamtangazia mtu yeyote. Bila usimbaji anwani kamili ya ukurasa na maneno yake yote yanaonekana. Ukiisimba tovuti, anayechungulia anaona jina la domeini yako na kiasi cha data kilichopita, lakini hajui ni ukurasa upi. Domeini yenyewe bado inaonekana, na ni haki msomaji wako alijue hilo. Lakini kati ya kujua kwamba mtu ametembelea tovuti ya afya na kujua kwamba amesoma ukurasa wa ugonjwa fulani, kuna tofauti kubwa sana katika maisha ya mtu.

"Lakini tovuti yangu haina siri"

Hili ndilo neno ninalolisikia kuliko yote, na linastahili jibu refu, kwa sababu wanaolisema husahau nusu nzima ya kazi ya usimbaji. HTTPS haifichi maneno peke yake. Inahakikisha pia kwamba kilichotoka kwenye seva yako ndicho kilichofika, bila kuongezwa wala kupunguzwa njiani. Na tena inathibitisha kwamba seva inayojibu ndiyo yenye ile domeini kweli.

Kuna mwalimu mstaafu ambaye tovuti yake naitunza. Anaweka humo maelezo ya masomo na mitihani ya mazoezi, bure, kwa yeyote anayetaka. Hakuna kuingia, hakuna malipo. Siku moja alinipigia akiwa amekasirika: "Mwanangu, nani kaniwekea kamari kwenye tovuti yangu?" Mzazi mmoja alikuwa amemlalamikia kwamba mtoto anafungua zoezi la hesabu na chini ya ukurasa linatokea tangazo la kubeti. Nilikagua faili zote kwenye seva, moja baada ya nyingine. Zilikuwa safi. Nilimwambia, "Mwalimu, kwako hakuna tatizo. Naomba unitumie chanzo cha ukurasa kama unavyokiona wewe kwenye simu." Nilipoweka vile viwili sambamba, tofauti ilikuwa mstari mmoja, umechomekwa juu kidogo ya </body>:

<script src="http://…/inj.js"></script>

Hakuwa ameuandika yeye wala mimi. Ulikuwa unaongezwa na mtoa huduma mmoja wa intaneti, kwa wateja wake tu, kwenye kila ukurasa wa http uliopita mikononi mwake. Ndiyo maana mimi niliyekuwa kwenye mtandao mwingine sikuuona. Mzazi hakuwa na namna ya kujua hayo. Kwake yeye, mwalimu ndiye aliyewauzia watoto kamari. Tuliweka cheti, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha domeini na kuiwezesha https, tukaelekeza http yote kwenda https, na tangazo halikurudi tena, kwa kuwa mtambo wa katikati hauwezi kuchomeka mstari ndani ya kitu usichoweza kukifungua.

Hayo ni matangazo. Mlango huohuo umetumika kwa mabaya zaidi. Machi 2015 tovuti ya GitHub, wanakohifadhi kazi zao waandika programu, ilishambuliwa kwa siku kadhaa na maombi mengi kupita kiasi, na waliokuwa wanayatuma walikuwa watu wa kawaida wasiojua lolote. Walifungua kurasa zilizokuwa zinapakia skripti ya takwimu ya Baidu, kampuni ya utafutaji ya China, kwa http. Njiani, mitambo ndani ya China ilibadilisha baadhi ya majibu, ikarudisha skripti nyingine iliyoagiza kivinjari kuigonga GitHub bila kukoma. Kurasa zile hazikuwa na siri yoyote. Zilikuwa wazi tu kubadilishwa, na hilo lilitosha.

Na kuna ufuatiliaji wa kimyakimya. Mwaka 2014 iligundulika kwamba kampuni ya simu ya Verizon huko Marekani ilikuwa inaongeza namba ya utambulisho kwenye maombi ya http ya wateja wake wa simu, kiasi kwamba hata aliyefuta vidakuzi vyake aliendelea kutambulika. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, iliitoza dola 1,350,000. Maombi ya https hayakuweza kuongezwa namba hiyo.

Basi, ukiniambia tovuti yako haina siri, nitakuuliza swali moja: je, uko radhi mtu usiyemjua aandike atakacho chini ya jina lako, na wasomaji wako waamini ni wewe?

Gharama si kisingizio tena

Zamani cheti kilikuwa cha kununuliwa kila mwaka, na kukiweka kulihitaji mtu mwenye uzoefu. Hali ilibadilika Desemba 2015, pale Let's Encrypt ilipofungua milango kwa kila mtu. Inaendeshwa na ISRG, taasisi isiyo ya faida, na inatoa vyeti bure kwa njia ya kompyuta kuzungumza na kompyuta. Kwa upande wa usimbaji, cheti chake hakipungukiwi na chochote ukikilinganisha na cha kulipia. Mtu akikuuzia cheti cha bei kubwa kwa madai kwamba kinasimba kwa nguvu zaidi, mwache aende zake.

Hofu ya kwamba HTTPS inapunguza kasi nayo imepitwa na wakati. TLS 1.3, toleo la itifaki inayosimba HTTPS lililokamilishwa Agosti 2018, linahitaji safari moja tu ya kwenda na kurudi kabla data haijaanza kupita, na vivinjari vinakubali HTTP/2, inayoharakisha kurasa zenye faili nyingi, kwenye tovuti zilizosimbwa tu. Zaidi ya hapo, bila HTTPS kivinjari kitakunyima mambo kadhaa: kujua mahali alipo mtumiaji, kutumia kamera, kutuma arifa. Tangu Julai 2018 Chrome inaiandikia kila tovuti ya http kwamba si salama, na Google ilishatangaza tangu Agosti 2014 kwamba HTTPS ni kigezo kimojawapo cha kupanga matokeo ya utafutaji.

Kuweka cheti

Kabla ya kugusa chochote, chukua bekapu ya faili na ya hifadhidata.

Kama tovuti yako iko kwenye kampuni ya kuhifadhi yenye paneli, kwa mfano cPanel, tafuta sehemu ya SSL/TLS (SSL ni jina la zamani la TLS). Mara nyingi cheti tayari kipo au kinahitaji kubofya kitufe kimoja. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo kwa hatua hii. Kampuni ikikataa kabisa vyeti vya bure ili ikuuzie vyake, mimi ningehama.

Kama seva ni yako mwenyewe na inatumia nginx, programu inayowapelekea wasomaji kurasa, weka certbot, programu ya kukuombea cheti inayotengenezwa na EFF, shirika la kutetea haki za mtandaoni, kisha:

sudo certbot --nginx --dry-run certonly -d example.com -d www.example.com

Jina example.com limetengwa kwa ajili ya mifano, weka lako. Hilo --dry-run linafanya majaribio bila kutoa cheti halisi. Anza nalo, kwani Let's Encrypt ina viwango: ukishindwa mara nyingi mfululizo unazuiwa kwa muda, na hapo utabaki umekaa tu. Jaribio likipita, toa amri halisi:

sudo certbot --nginx -d example.com -d www.example.com

Ni vizuri kujua kinachoendelea, maana ndipo utajua pa kutazama mambo yakikwama. Certbot inatengeneza jozi ya funguo kwenye seva yako. Let's Encrypt inaitaka ithibitishe kwamba domeini ni yako, kwa kuweka faili fulani chini ya /.well-known/acme-challenge/, halafu inakuja yenyewe kupitia poti 80 kulisoma. Ikilikuta, inakupa cheti. Kwa hiyo poti 80 lazima iwe wazi, na poti 443 pia, kwani huko ndiko https inakopita. Rekodi za DNS, zinazotafsiri jina la domeini kuwa anwani ya seva, lazima zielekee kwenye seva hiihii, www ikiwemo.

Na hapa kuna jambo linalowasumbua wengi: rekodi ya AAAA, ile ya mfumo mpya wa anwani, IPv6; rekodi ya A ni ya mfumo wa zamani, IPv4. Mtu amehamisha tovuti, akabadilisha rekodi ya A, akasahau AAAA inayoelekea seva ya zamani. Yeye anaiona tovuti vizuri kwa sababu mtandao wake unatumia IPv4. Let's Encrypt inaanza na IPv6, inafika kwenye seva ya zamani, faili haipo, na uthibitisho unashindwa. Kama hutumii IPv6, ifute rekodi hiyo.

Ufunguo wa siri unakaa kwenye /etc/letsencrypt/live/example.com/privkey.pem, na hauna sababu ya kutoka hapo. Usiutume kwa barua pepe, usiubandike kwenye kikundi cha WhatsApp ukiomba msaada. Fundi anayekwambia umtumie ufunguo "ili akuangalizie" anaomba kitu kisichomhusu. Kuangalia cheti hakuhitaji ufunguo. Kama umeshauonyesha kwa mtu, omba cheti kipya chenye ufunguo mpya na ubatilishe kile cha zamani.

Ukipanga nginx kwa mkono, tumia fullchain.pem na uache cert.pem. Cert.pem ina cheti chako peke yake, bila cheti cha kati kinachokiunganisha na mamlaka ambayo kivinjari kinaiamini. Matokeo yake yanapoteza watu muda mwingi: kwenye kompyuta yako tovuti inafunguka, kwa sababu kivinjari kimejitafutia cheti hicho chenyewe, lakini kwa mtumiaji mwingine, au kwenye programu ya simu, inakataliwa. Jikague hivi:

openssl s_client -connect example.com:443 -servername example.com

Karibu na mwisho unataka kuona "Verify return code: 0 (ok)".

Kuwahamisha wasomaji kwenda https

Cheti kuwepo hakutoshi. Mpaka sasa tovuti yako ina milango miwili, na watu wote wenye viungo vya zamani wanaendelea kupita ule usio salama. Certbot ya nginx hukuwekea maelekezo haya yenyewe, lakini hakikisha yanafanana na haya:

server {
    listen 80;
    server_name example.com www.example.com;
    return 301 https://example.com$request_uri;
}

Hiyo $request_uri ina kazi kubwa. Ndiyo inayompeleka msomaji kwenye ukurasa uleule aliouomba. Nimeona tovuti zinazomtupa kila mtu kwenye ukurasa wa mwanzo; msomaji aliyekuja na kiungo cha makala ya miaka mitano iliyopita anaachwa aitafute upya, na injini za utafutaji zinazichukulia kurasa zako za zamani kuwa zimekufa.

Vitu vilivyobaki kwenye http

Hapa ndipo kazi ya kweli ilipo, na ndipo wengi wanapokata tamaa. Ukurasa umefunguka kwa https, lakini ndani yake kuna picha, skripti au fonti zinazoitwa kwa http. Kivinjari kinazuia skripti za namna hiyo moja kwa moja, hivyo menyu inaacha kufunguka, ramani inatoweka, fomu haitumi. Mwenye tovuti anahitimisha kwamba "SSL imeharibu tovuti" na anaizima.

Fungua kivinjari kwenye kompyuta, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha Console na upakie ukurasa upya. Kila kitu kilichozuiwa kitatajwa kwa anwani yake kamili. Kisha tafuta kwenye faili:

grep -rnE "(src|action)=[\"']http://|url\([\"']?http://" /var/www/html

Viungo vya kawaida vya kumpeleka mtu kwenye tovuti nyingine havina tatizo hili. Unachokitafuta ni vitu vinavyopakiwa ndani ya ukurasa, na fomu zinazotuma kwenda http. Kikiwa cha tovuti yako, badilisha kuwa https. Kikiwa cha tovuti nyingine, jaribu anwani ileile kwa https. Ikikataa, pakua faili uliweke kwako kama una ruhusa, au achana nalo.

Kwa WordPress na mifumo mingine ya namna hiyo, anwani nyingi zimo ndani ya hifadhidata. Usizibadilishe kwa amri ya kawaida ya SQL, lugha ya hifadhidata. Baadhi ya mipangilio imehifadhiwa pamoja na hesabu ya herufi zake, kwa mfano s:18:"http://example.com". Ukiongeza ile s moja, maneno yanakuwa na herufi 19 huku hesabu ikisema 18, na WordPress inashindwa kuusoma mpangilio wote. Wijeti zinapotea, muundo wa ukurasa unavurugika. Tumia chombo kinachorekebisha hesabu pia:

wp search-replace 'http://example.com' 'https://example.com' --dry-run

Soma orodha inayokuletea, hakikisha ni mabadiliko unayoyataka, kisha irudie bila --dry-run. Wakati unaendelea kusafisha, unaweza kuongeza kwenye mipangilio ya nginx heda hii, yaani agizo linalotumwa pamoja na ukurasa, ili kivinjari chenyewe kijaribu https kwa kila kitu kilichoandikwa http:

add_header Content-Security-Policy "upgrade-insecure-requests";

Inasaidia sana kwenye tovuti kubwa yenye makala za miaka mingi, ila isikufanye uache kusafisha.

Kama watu wanaingia kwenye tovuti yako, tazama vidakuzi vya kikao viwe na alama ya Secure, ili visitumwe kamwe kwenye http, na HttpOnly, ili skripti zisivisome. Mifumo mingi ina mpangilio wa hilo. Ni mstari mmoja.

Kufunga ule upenyo wa mwanzo

Kuna upenyo mmoja unabaki. Msomaji akiandika anwani bila https, ombi lake la kwanza linaweza kwenda wazi, na ndipo seva inamwelekeza. Mtu wa katikati akilidaka ombi hilo, anaweza kumzuia asielekezwe, akaongea naye kwa http huku yeye akiongea na seva yako kwa https. Moxie Marlinspike alionyesha shambulio hili mwaka 2009 kwa programu aliyoiita sslstrip. Dawa yake ni HSTS, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2012. Ni heda inayokiambia kivinjari kwamba kwa muda fulani kisiifungue domeini hii kwa http hata kikiombwa:

add_header Strict-Transport-Security "max-age=300" always;

Sekunde 300 ni dakika tano. Anza hapo makusudi. Ukiridhika kila kitu kinafanya kazi, panda hadi wiki moja, 604800, kisha mwaka mmoja, 31536000. Sababu ya kwenda polepole ni kwamba agizo hili linakaa kwenye vivinjari vya wasomaji, na huwezi kwenda kuwafutia. Neno includeSubDomains usiliongeze mpaka uwe na hakika kila domeini ndogo, hata ile ya paneli ya zamani ya barua pepe, ina cheti. Na orodha ya preload, inayowekwa ndani ya vivinjari vyenyewe, ni ya mtu ambaye ana hakika hatarudi nyuma, maana kutoka humo huchukua miezi.

Cheti kinachojihuisha chenyewe

Tovuti nyingi nilizoitwa kuzifufua zilikuwa zimesimbwa vizuri kabisa. Cheti kilikwisha muda tu. Cheti cha kawaida cha Let's Encrypt kimekuwa cha siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua pepe za kukumbusha. Muda unaendelea kufupishwa kwa kila mtoaji: kwa uamuzi wa Aprili 2025 wa CA/Browser Forum, umoja wa watoaji wa vyeti na watengenezaji wa vivinjari, cheti cha umma hakitazidi siku 47 kuanzia Machi 15, 2029. Kuandika tarehe kwenye kalenda na kuhuisha kwa mkono ni njia isiyo na mbele.

Certbot kwa kawaida huja na ratiba yake inayokagua mara mbili kwa siku. Thibitisha kwamba inafanya kazi:

sudo certbot renew --dry-run

Kama uliipanga nginx kwa mkono, kumbuka kwamba cheti kipya kwenye diski hakina faida mpaka nginx ikisome. Ongeza --deploy-hook "systemctl reload nginx" ili ifanye hivyo yenyewe. Kisha weka ukaguzi kutoka nje, kwenye kompyuta nyingine, usome tarehe ya cheti kama msomaji anavyokiona:

echo | openssl s_client -connect example.com:443 -servername example.com 2>/dev/null | openssl x509 -noout -enddate

Iweke kwenye cron, programu ya kuendesha amri kwa ratiba, ikutumie ujumbe zikibaki siku chache. Ukaguzi wa ndani ya seva hautakwambia kwamba nginx bado imeshikilia cheti cha zamani.

Ukitumia huduma ya kati inayokuwekea kache, kama Cloudflare, tazama safari nzima. Kuna mpangilio unaosimba kutoka kwa msomaji hadi kwao tu, kisha kutoka kwao hadi seva yako data inasafiri wazi. Msomaji anaona https na anaamini. Chagua ule unaosimba pande zote mbili na kukagua cheti cha seva yako. Ukiwa kwenye ule wa nusu safari na seva yako inaelekeza http kwenda https, tovuti itazunguka bila kufunguka kabisa, na sasa unajua sababu.

Usiwaahidi wasomaji zaidi ya kile HTTPS inachofanya. Haizuii nenosiri dhaifu, haizibi programu-jalizi iliyopitwa na wakati, na matapeli nao wanapata vyeti kwa domeini zao za ulaghai. Hii ni sababu mojawapo iliyofanya Chrome iiondoe alama ya kufuli mwaka 2023.

La mwisho ni kujua nani mwingine amepewa cheti kwa jina lako. Mwaka 2011 kampuni ya vyeti ya Uholanzi iitwayo DigiNotar ilivamiwa, na cheti bandia cha google.com kikatumika kuwapeleleza watumiaji wa Iran. Baada ya hapo ulijengwa utaratibu wa kuviandika vyeti kwenye daftari za umma, na unaweza kuzisoma bure kupitia crt.sh. Andika domeini yako. Utaona vyeti vyote, na mara nyingi utakumbushwa domeini ndogo za zamani ulizozisahau, ambazo nazo zinahitaji kusimbwa au kufutwa. Kisha ongeza rekodi ya CAA kwenye DNS, inayotaja mtoaji unayemruhusu. Tangu Septemba 2017 watoaji wote wanalazimika kuitazama kabla ya kutoa cheti:

example.com. CAA 0 issue "letsencrypt.org"

Ukikuta kwenye orodha cheti usichokitambua, muulize kwanza fundi wako na kampuni inayokuhifadhia, kwa kuwa mara nyingi ni wao waliokiomba. Wakikana, badilisha nenosiri la akaunti ya domeini na la DNS siku hiyohiyo, kagua rekodi zote, halafu mwandikie mtoaji wa cheti hicho akibatilishe.